Transakseli ya kigari cha gofu: inalia, inavuja au haisukumi

Transakseli nyingi zinazofunguliwa hazikuhitaji kufunguliwa. Kelele inayotoka chini ya kiti mara nyingi ni ya tairi, ya beringi ya mota au ya nati ya dramu iliyolegea, na fundi anakuja kuigundua baada ya kumwaga oili na kutandaza gia mezani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni kazi ya kabla ya kugusa bolti za kasha. Kufungua na kuunga upya kunakuja baadaye.

Kilichomo ndani

Kwenye kigari cha umeme, transakseli ni giaboksi na difu ndani ya kasha moja la alumini. Mota imefungwa ubavuni. Katikati ya amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, kuna tundu lenye meno marefu ya ndani, yaani splaini, nalo linameza splaini za shafti ya kuingiza nguvu. Gia ndogo ya shafti hiyo inazungusha gia kubwa ya shafti ya kati, na gia ndogo ya shafti ya kati inazungusha gia kubwa iliyofungwa kwenye difu. Difu inagawa nguvu kwa ekseli mbili. Kwenye Club Car nyingi za umeme uwiano ni 12.28 kwa 1, kwenye E-Z-GO nyingi ni 12.44 kwa 1. Maana yake, gurudumu likizunguka mara moja, mota imezunguka mara kumi na mbili na kitu. Ishike namba hiyo, itatumika kutafuta kelele.

Mambo mawili huwapoteza mafundi waliozoea magari. La kwanza, hapa hakuna kraunwili na piniani, zile gia mbili za difu ya gari zinazokutana kwa pembe, za kupaka rangi na kusoma alama. Meno ya gia ni ya mshazari, shafti zote zimelala sambamba, na umbali kati yake umechongwa kwenye kasha lenyewe. Gia zikicheza kupita kiasi, kilichokwisha ni beringi, tundu linaloibeba beringi, au meno yenyewe. Hakuna mahali pa kukaza ili gia zikaribiane.

La pili ni kubwa zaidi. Mota nyingi za vigari hivi zina beringi moja tu, upande wa kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda kwenye amecha. Upande wa pili amecha inabebwa na shafti ya transakseli. Beringi ya shafti ya kuingiza ikilegea, amecha inayumba, kaboni zinaliwa upande upande, na mwenye kigari anaishia kununua mota nyingine ambayo nayo itaharibika vilevile.

Kabla ya kuinua

Zima ufunguo, weka swichi iliyo chini ya kiti kwenye Tow (kuvutwa) kama kigari kinayo, kisha kata waya wa hasi wa betri. Vigari vyenye kontrola ya elektroniki (kifaa kinachoongoza umeme wa mota) vina kapasita inayohifadhi umeme. Subiri dakika mbili kabla ya kushika nyaya za mota. Vua pete na saa ya chuma. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, kisha shusha uzito kwenye stendi mbili. Jeki peke yake si ya kulala chini yake.

Angalia pia kama magurudumu yanashikwa na breki. E-Z-GO RXV ina breki ya sumaku iliyofungwa kwenye mota, na umeme ukikatika breki hiyo inashika. Kuna watu wameshusha transakseli nzima kwa kudhani gia zimekwama, kumbe ni breki iliyokuwa ikifanya kazi yake.

Vipimo vitatu vya mkono

Magurudumu yote mawili ya nyuma yakiwa hewani na breki imeachia, zungusha moja taratibu. La pili linatakiwa lizunguke kinyume. Hiyo ndiyo difu nzima: uzito wa mota unaishikilia gia kubwa, na gia ndogo za ndani ya difu zinapeleka mwendo upande wa pili kwa kugeuza. Kama gurudumu la pili halitikisiki hata kidogo na la kwanza linazunguka kwa wepesi, ekseli mojawapo imekatika, au splaini zake za ndani zimekwisha, au pini ya katikati ya difu imevunjika. Yakizunguka yote kwa upande mmoja na mkono ukahisi uzito wa mota, gia ndogo za difu zimegandana. Onyo dogo: ukifanya kipimo hiki mota ikiwa imeshatolewa, shafti ya kuingiza inaweza kuzunguka badala ya gurudumu la pili. Hapo usiseme difu imekufa. Ishike shafti kwa mkono ndipo ujaribu.

Kipimo cha pili: mtu mwingine alishike gurudumu moja lisizunguke, wewe zungusha la pili. Sasa mota ndiyo inapaswa kuzunguka, mara sita hivi kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa sababu difu inakwenda nusu ya mwendo wa gurudumu. Mkono utahisi uzito na sikio litasikia amecha ikiteleza kwenye kaboni. Gurudumu likizunguka kama halijafungwa kwenye chochote, mawasiliano kati ya mota na shafti yamekatika.

Cha tatu: shika tairi juu na chini, litikise kuelekea kwako na mbali nawe. Likicheza, kwanza tazama nati ya katikati, kisha beringi ya nje ya ekseli. Tumia tochi na uangalie kinachotikisika. Ikiwa dramu inatikisika na ekseli imetulia, ni nati au splaini za dramu. Vikitikisika vyote viwili pamoja, ni beringi.

Mota inalia, kigari hakiendi

Ukisikia mota ikipanda kasi kwa sauti nyembamba na kigari kimesimama, achia pedali mara moja. Mota ya series, yaani ambayo amecha na koili zake za nje zimeunganishwa mfululizo, ikiwa haina mzigo haina kikomo cha kasi: inaendelea kupanda mpaka komuteta, ringi ya shaba inayoguswa na kaboni, inapasuka na vipande vyake kurushwa. Kwa sababu hiyohiyo, mota ya series haijaribiwi mezani kwa volti zote 36 au 48 za kigari. Volti 12 zinatosha: unganisha vituo vya mota A1 na S1 kwa waya mnene, peleka betri moja kwenye A2 na S2, na mota iwe imebanwa kwenye meza kwani inaruka inapoanza. Fanya hivyo kwa mota yenye beringi pande zote mbili tu. Ile ya beringi moja haina kinachoishika amecha upande wa wazi. Na ikiwa vituo vya mota vimeandikwa F1 na F2, hiyo si series, na njia hii si yake.

Vipimo viwili vya kwanza vitakuwa vimekwambia kama tatizo liko kwenye ekseli na difu au kwenye splaini za mota. Kinachotokea zaidi ni splaini za mota. Fungua bolti za mota, itoe ikiwa imenyooka bila kuiacha ining'inie kwenye shafti, kisha tazama vitu vitatu: unga mwekundu kama kutu, meno yaliyochongoka kama kisu, na kama kile kipira kidogo kinachokaa kati ya shafti na amecha kipo au kimeoza. Unga mwekundu unatokana na chuma kukwaruzana na chuma bila grisi. Meno yaliyoliwa upande mmoja tu wa duara yanasema mota haikukaa sawa: bolti zililegea, au uchafu ulibaki kwenye nyuso mbili zinazokutana.

Usibadilishe upande mmoja. Shafti mpya ikiingizwa ndani ya amecha iliyolika itashika kwenye ncha za meno machache tu, na kazi itarudi mapema. Kama gharama hairuhusu vyote viwili kwa pamoja, afadhali kigari kisubiri.

Sababu ya pili ni ekseli. Splaini za ndani zinaliwa na mtu mwenye haraka, yule anayegeuza swichi ya kurudi nyuma kigari kikiwa bado kinakwenda mbele, na kontrola kubwa zilizoongezwa ili kigari kikimbie. Ekseli ikikatika, ukiichomoa kwa ncha ya nje inatoka nusu tu. Kipande kilichobaki hutolewa kwa sumaku ndefu, au kasha lifunguliwe. Kabla ya kuweka ekseli mpya, mwaga oili yote, kwa kuwa vipande vya meno vimeshaanguka humo.

Kelele, na namna ya kuisoma

Endesha kigari mahali tambarare na tulivu. Usikimbilie kasi ya juu. Kwa tairi ya inchi 18, mwendo wa kilomita 5 kwa saa unazungusha gurudumu karibu mara moja kwa sekunde, na mota karibu mara 12. Shafti ya kati iko katikati ya namba hizo. Kwa hiyo mlio mmoja wa kugonga kwa sekunde, kama mtu anayegonga mlango bila haraka, uko upande wa gurudumu: jino la gia kubwa ya difu, bolti ya gia hiyo iliyolegea, ekseli, dramu, au hata jiwe lililonasa kwenye tairi. Mlio wa kugonga wa mara kadhaa kwa sekunde unaelekeza shafti ya kati. Mlio usiohesabika, unaofanana na wa nyuki ndani ya kopo, ni wa shafti ya kuingiza au wa mota yenyewe.

Kisha badilisha mzigo. Kanyaga pedali kupanda kilima kidogo, halafu iachie kigari kiteremke chenyewe. Gia za meno ya mshazari zinasukuma shafti upande mmoja zinapovuta, na upande wa pili zinaposukumwa na magurudumu. Mlio unaosikika wakati wa kuvuta pekee, au wakati wa kuachia pekee, unaonyesha gia na nafasi ya shafti kwenda na kurudi: beringi imelegea, saklipu (ringi ya springi inayokaa kwenye mfereji kuzuia kitu kisisogee) imekaa vibaya, au upande mmoja wa meno umeliwa. Ngurumo inayofuata kasi tu, isiyojali kama unavuta au umeachia, mara nyingi ni beringi. Ikizidi ukipinda kulia na kupungua ukipinda kushoto, au kinyume chake, chunguza beringi za nje za ekseli kabla ya chochote kingine. Hizo zinabadilishwa bila kufungua kasha.

Ili kuitenga mota, itoe kisha zungusha shafti ya transakseli kwa mkono, magurudumu yakiwa hewani. Beringi mbovu inahisika kwenye vidole kama mchanga. Usiyapuuze masikio lakini: bisibisi ndefu, ncha kwenye kasha karibu na kila beringi na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, inatofautisha sentimita kumi za umbali bila shida. Ihamishe kutoka beringi hadi beringi huku mwenzako akizungusha gurudumu.

Mlio mmoja mkubwa wa kugonga kila unapoanza au kugeuza mwelekeo ni habari nyingine. Hapo nafasi ndogo ndogo zimejumlishwa: splaini za mota, gia mbili, pini ya difu, splaini za ekseli, splaini za dramu. Mara nyingi kinachoongoza ni dramu iliyolegea, na baada yake bushi za springi zilizokwisha ambazo zinaiacha ekseli nzima ijipinde. Chunguza springi kwa macho kwanza: mtu akanyage pedali kidogo na kuachia, wewe simama pembeni utazame kama ekseli inaruka mbele na nyuma. Ikitulia, rudi ndani. Mota ikiwa nje, tikisa shafti ya kuingiza kwa vidole na utazame inazunguka kiasi gani kabla gurudumu halijasogea. Kuna nafasi ya kawaida, na kwa sababu ya uwiano wa 12 inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Linganisha na kigari kizima cha aina ileile kabla ya kuhukumu.

Oili inayotoka na oili iliyobaki ndani

Kabla ya sili yoyote, angalia kipumulio. Ni kifuniko kidogo juu ya kasha au kwenye bomba la ekseli. Kikizibwa na tope, hewa inayopata joto ndani inatafuta njia, na njia rahisi ni mdomo wa sili. Fundi anaweza kubadilisha sili tatu na zote zikavuja kwa sababu ya tundu dogo ambalo angelizibua kwa waya. Sababu ya pili ya bure ni kujaza kupita kiasi, hasa kigari kikiwa kimeinuliwa mbele au nyuma.

Oili ndani ya dramu ni sili ya ekseli. Viatu vya breki vilivyolowa havioshwi, vinatupwa, maana vikipata joto vinatema oili upya. Oili inayodondoka kwenye maungio ya mota na kasha ni sili ya shafti ya kuingiza, na hiyo usiicheleweshe: oili inaingia ndani ya mota, inachanganyika na vumbi la kaboni, na tope hilo linapitisha umeme mahali pasipotakiwa. Mstari wa unyevu kuzunguka kasha ni silikoni ya kuzibia iliyokufa au bolti zilizolegea.

Sili mpya inayovuja ndani ya wiki inataka utazame shafti, siyo ubora wa sili. Pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukinasa, kuna mfereji. Tiba ni kuisogeza sili milimita moja au mbili ikae kwenye chuma kisicholiwa, kama nafasi ipo, au kuvisha shafti bomba jembamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Oili yenyewe inasomeka kama daftari. Uji wa kijivu, laini kama masizi, kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia ni kuchakaa kwa kawaida. Vipande vinavyometa kama magamba madogo ya samaki ni ngozi ya beringi au ya meno inayobanduka. Hapo kasha linafunguliwa. Kipande chenye umbo, chenye kona, ni jino. Rangi ya shaba inatoka kwenye washa za difu kwa aina zenye washa hizo. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maji: kigari kilipita kwenye dimbwi kikiwa na joto, kikapoa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumulio. Ukiipata mapema, mwaga, jaza, endesha dakika chache, mwaga tena, jaza oili safi. Ukichelewa, beringi zimeshashika kutu na zitalia.

Transakseli nyingi za umeme zinatumia oili ya injini SAE 30, na nyingi za petroli oili ya gia 80W-90. Club Car Precedent ya umeme inachukua kama mililita 670. Aina nyingine zina kiasi chake, lakini penye tundu la kiwango kanuni ni ile ile: kigari kwenye usawa, jaza mpaka oili ianze kuchungulia tunduni. Kuweka oili nzito ya gia kwenye kigari cha umeme hakuvunji kitu. Kunakula betri tu, na kelele inayofunikwa leo itarudi.

Vigari vya petroli: gia ngumu au inayoruka

Transakseli ya petroli ina kitu cha ziada, meno ya kubadilisha mbele na nyuma, yanayosukumwa na uma kupitia kebo. Ikiwa lever ni ngumu kigari kimesimama, chunguza mkanda na klachi kabla ya gia. Mkanda uliobana au klachi ya mbele isiyoachia inaendelea kusukuma shafti, na meno yenye mzigo hayachomoki. Ukisukuma kigari kidogo kwa mkono na lever ikaingia laini, kasha halina kosa.

Gia inayoruka yenyewe ukikanyaga inaanzia kwenye kebo isiyofika mwisho. Tenganisha kebo, sukuma mkono wa gia ulio kwenye kasha mpaka mwisho kwa vidole, kisha tazama kama kebo inafika hapo. Ikifika na bado inaruka, ndani kuna kigololi na springi vya kushika nafasi vilivyochoka, uma uliolika, au meno yaliyoviringika kona. Meno hayo huviringwa na anayebadilisha kabla kigari hakijasimama kabisa.

Kufungua

Andika alama kwenye kila waya wa mota na upige picha. Mwaga oili kupitia kitambaa cheupe ili ubaki na ushahidi. Toa magurudumu, pini za kupasua, nati, dramu na kebo za breki. Kisha mota, shokomzoba na bolti za U zinazoishika springi. Transakseli ni nzito na inapinduka upande wa mota ilipokuwa. Watu wawili wanatosha, mmoja hapana.

Ekseli hutoka baada ya saklipu iliyo mdomoni mwa bomba, kwa nyundo ya kuvuta. Ziwekee alama ya kulia na kushoto kwani kwenye aina nyingi urefu wake haulingani. Kabla ya kutenganisha kasha, lioshe nje. Kisha fungua bolti, gonga kwa nyundo ya plastiki kwenye masikio ya kasha, na tumia mapengo yaliyowekwa kwa ajili ya kupenyeza chuma bapa. Ukipenyeza bisibisi kati ya nyuso mbili, umejitengenezea mvujo.

Gia hazitoki moja moja. Meno ya mshazari yamekumbatiana, hivyo shika shafti ya kuingiza, ya kati na difu kwa pamoja uziinue kama fungu. Kukiwa na shimu (washa nyembamba za kurekebisha nafasi) chini ya beringi, zifunge kwa waya pamoja na beringi ya mahali pake. Ukizichanganya, hakuna kipimo cha macho kitakachozirudisha.

Kagua meno kwa mwanga wa pembeni. Vishimo kama vya ndui katikati ya jino vinamaanisha gia imechoka, na gia inayokutana nayo inabadilishwa pamoja nayo. Kona iliyomeguka kidogo kwenye ncha ya jino inaweza kulainishwa kwa jiwe. Ufa kwenye shina haulainishwi. Difu yenye nusu mbili ipige alama kabla ya kuitenganisha, uone pini ya katikati: ikiwa na mfereji unaohisika kwa ukucha, pini na gia ndogo zote hazirudi. Beringi usiihukumu ikiwa na oili. Ioshe, ikauke bila kuizungusha kwa upepo wa kompresa, tia matone mawili ya oili nyepesi, kisha izungushe polepole karibu na sikio.

Kuunga upya

Hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika, na mharibifu mkuu ni nyundo. Beringi inaposukumwa kwenye shafti, nguvu iwe kwenye ringi ya ndani. Inapoingia kwenye kasha, iwe kwenye ringi ya nje. Ukisukuma ringi isiyohusika, nguvu inapita kwenye magololi na kuacha vidoti kwenye njia yake. Vidoti havionekani, ila transakseli italia tangu siku ya kwanza, na utailaumu beringi mpya. Njia rahisi ni kuipasha beringi kwenye oili ya moto mpaka karibu nyuzi joto 100 na isipite 120, ikae juu ya wavu isiguse chini ya sufuria. Itateleza mahali pake kwa mkono. Ishikilie sekunde chache mpaka ishike, vinginevyo inarudi nyuma kidogo inapopoa na kuacha pengo.

Bolti za gia kubwa ya difu zisafishwe oili kabisa, zipakwe gundi ya kuzuia bolti kulegea, zikazwe kwa msalaba kwa awamu mbili, kwa torki ya kitabu cha kigari hicho. Moja ikilegea baadaye inakwangua kasha kila mzunguko mpaka linapasuka.

Nyuso za kasha zikwanguliwe kwa plastiki au mbao na kufutwa kwa asetoni. Silikoni ni uzi mmoja wa milimita 3, uzunguke tundu za bolti kwa upande wa ndani, usikatike. Zaidi ya hapo inajikamua ndani, inadondoka, na siku moja inaziba mfereji unaopeleka oili kwenye beringi. Weka sumaku iliyosafishwa. Laza nusu ya kasha juu ya vipande vya mbao, ingiza fungu la gia tatu, zungusha kidogo mpaka zote zikae, kisha shusha nusu ya pili kabla silikoni haijakauka juu.

Kasha lifunge kwa uzito wake na kugonga kidogo kwa kiganja. Likibaki na pengo, usilivute kwa bolti. Beringi haijafika mwisho, pini ya mwongozo imepinda, au saklipu iko nje ya mfereji wake, fungua uangalie. Kulivuta kwa nguvu ndiko kunakopasua masikio ya alumini. Likikutana, kaza bolti kwa kuvuka upande hadi upande. Kwa bolti za M8 ndani ya alumini, 20 hadi 25 Nm (nyutoni mita) ni mahali salama pa kuishia ikiwa kitabu hakisemi vingine.

Sasa zungusha shafti ya kuingiza kwa vidole. Difu inapaswa kukamilisha mzunguko baada ya mizunguko kumi na mbili na kitu ya shafti. Fika mpaka mwisho wa mzunguko huo bila kuruka, ukisikilizia sehemu ngumu. Ugumu unaorudi mahali palepale kila mara ni jino lenye uchafu au lililovimba kwa kugongwa. Ni afadhali kufungua sasa kuliko baada ya kuijaza oili.

Sili zinaingia mdomo ukitazama oili, zimepakwa oili mdomoni, zikisukumwa na bomba la kipenyo chake zikiwa zimenyooka. Funika splaini za ekseli na za shafti kwa utepe mwembamba zinapopita kwenye sili. Jino moja lenye kona linatosha kukata mdomo. Ekseli ikikataa kuingia sentimita ya mwisho, izungushe taratibu mpaka splaini zipate njia. Saklipu iingie mfereji wote: izungushe kwa koleo, ikizunguka kwa uhuru imekaa.

Mota inarudi na kipira kipya na grisi ya molibdeni kwenye splaini, kiasi cha kupaka tu, isirushwe kwenye kaboni. Iingie yenyewe mpaka flenji, uso wake wa kufungia, iguse. Usiivute kwa bolti. Dramu ikae, kisha nati ya ekseli. Kwa E-Z-GO anza na 95 Nm, endelea kukaza mpaka tundu la pini lionekane, usivuke 190 Nm. Usiirudishe nyuma kutafuta tundu, na pini ya kupasua iwe mpya.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kutia oili. Kisha endesha kwa mwendo wa kutembea dakika kumi, mbele na nyuma, simama, weka mkono karibu na kila beringi. Joto la kawaida linaenea sawasawa kwenye kasha lote. Sehemu moja inayokuzuia kushika, wakati nyingine ni vuguvugu, ina beringi iliyobanwa au sili kavu. Baada ya siku chache za kazi kaza tena nati za magurudumu na bolti za U, mwaga oili ile ya kwanza na utazame sumaku. Uji wa kijivu utakuwapo, mwingi kuliko kawaida kama gia ni mpya. Magamba yanayometa yakionekana tena, kuna beringi iliyoachwa ambayo ilistahili kutupwa, na kwa kawaida ni ile ya shafti ya kati, kwa kuwa ndiyo inayosumbua zaidi kutoa.